Muhogo wa Siku Mbili

Mwepu, sogeza ndoo hiyo karibu na kitanda, na usiifunike. Najua inanuka. Tangu Jumatatu mnapita hapa mmeshika pua, na Nahum ameuliza mara mbili kama akili yangu bado ni nzima, mwanamke anayekufa anataka ndoo ya muhogo chumbani ya nini. Laetitia, wewe kaa kwenye kiti chenye mgongo, usiisumbue miguu. Nahum, kaa chini, kitinda mimba hana kiti mbele ya wakubwa wake. Na wewe, mama wa samaki, uliyesimama mlangoni na beseni kichwani, tua mzigo, kaa kwenye mkeka. Wanangu wanajiuliza kwa nini nimemwita muuza samaki wa kambini aje kusikia maneno ya nyumba hii. Waache wajiulize kidogo. Samaki wako ni wakavu, hawataoza nikichelewa kumaliza.

Sikilizeni basi, wanangu, na msinikatize, maana pumzi yangu naipima sasa kama unga wa mwisho ndani ya debe, na nikisimama kujibu maswali sitafika chini ambako neno lenyewe limelala.

Jana mlidhani nimelala. Sikulala. Niliwasikia ninyi ndugu wawili mkigombana juu ya kitanda changu kana kwamba nimekwisha kuzikwa. Na sikuwalaumu, kwa sababu jambo mnaloligombania ni kubwa. Hata mimi niliye kitandani nauona wakati ulivyo. Gari la moshi halijapiga honi hapa Kamina tangu Pasaka, na majani yameota kati ya reli ambako baba yenu alitembea miaka thelathini akigonga vyuma kwa nyundo ili asikie kama vina ufa. Simu zinawaka lakini hazisemi na mtu. Ndege zinatua kambini zikiwa tupu na kuruka zikiwa zimejaa, na wake wa askari wanauza sufuria zao sokoni, na mwanamke anayeuza sufuria yake amekwisha kujua jambo ambalo mumewe amekatazwa kulisema. Barabarani wanapita watu kutoka mashariki na magodoro juu ya baiskeli. Laetitia anasema hawaombi chakula, wanaomba maji tu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Anayeomba maji tu hana nia ya kukaa, na hataki kusema ameona nini.

Mwepu, wewe unasema twende kijijini Mulenda, kwenye shamba la mama, kwa sababu mji ukifa watu wake hulana, na ardhi haimfukuzi mwenye jembe. Umekwisha kufunga mizigo, nimeona kamba. Nahum, wewe unasema kijijini hakuna dawa wala barabara wala mtu wa kumwita, na bora kubaki penye watu wengi, au kuuza shamba na kwenda Lubumbashi kabla njia haijafungwa. Wewe ulimwambia kaka yako kwamba anataka kutufanya wakulima wa kuigiza. Yeye akakujibu kwamba wewe unadhani ugali wa bukari huota dukani. Nilicheka ndani ya shuka. Nyote wawili mnauliza mahali. Mimi niliuliza swali hilohilo miaka ishirini na sita iliyopita, nikalijibu, na jibu langu limekaa kwenye kiti kile chenye mgongo.

Usiinamishe kichwa, Laetitia. Nitakufikia. Nipe maji kwanza.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vilipokuwa vinakuja kutoka kaskazini, mji huu ulikuwa kama ulivyo leo. Mahindi yalikwisha, halafu mbwa wakapungua, halafu watu wakaacha kusalimiana. Baba yenu Nyembo alisema hataiacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, maana nyumba isiyo na moshi huibiwa hata mlango. Mimi nikasema nitawapeleka watoto Mulenda kwa kaka yangu Mbuyu, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Tukakubaliana hivyo, mmoja mjini na mmoja kijijini, ili kifo kikija upande mmoja kisitukute wote.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa sajini wa kambi, mtu wa mkoa wa Ekwateri, mrefu, aliyeongea Kiswahili kama anayetafuna mfupa. Jina lake Bokungu. Alikuwa na mke, Béthanie, na msichana wa miaka minane, na mtoto mchanga aliyeitwa Francine. Hawakuwa na ukoo hapa, wala shamba, wala mtu. Asubuhi tuliyoondoka alikuja na mzigo wao, akaushika mkono wangu huu kwa mikono yake miwili, akasema: "Mama Mwepu, minyi nitalinda nyumba na muzee yako. Weye unilindie hawa." Nikamjibu ndiyo. Sikuandika mahali, hakuna aliyeweka muhuri, lakini Mungu alikuwa hapo na baba yenu alikuwa hapo.

Na sasa nawaambia, sajini yule alitimiza. Baba yenu aliniapia kabla ya kufa. Mjini hapa, katika avenyu yetu, mtaa huuhuu, nyumba kumi zilizima mioto yao na kubaki na moto mmoja, chungu kimoja, na aliyeshika mwiko alikuwa Marie-Thérèse, jirani yetu huyuhuyu ambaye sijaingia kwake miaka ishirini. Mnadhani ni kwa sababu ya kinu alichokiazima akakirudisha na ufa. Si kinu. Nilimwonea wivu kwa sababu yeye alimlisha mume wangu miezi minane wakati mimi sikuwepo, na kila nilipomwona nilikumbuka jinsi watu wasio ndugu walivyofanya vizuri mjini na jinsi mimi, kwa ndugu zangu, nilivyofanya. Sajini Bokungu alileta biskuti za jeshi katika chungu kile, wiki baada ya wiki, akimwambia baba yenu, mke wako amewachukua wangu, basi hiki ni chakula cha nyumba moja. Halafu wakampeleka mbele, na hakurudi. Alikufa akiamini kwamba watu wake wako salama kwangu.

Sasa nisikilizeni habari ya Mulenda.

Kaka yangu Mbuyu alitupokea vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyosema, akatupa nyumba ya nyuma. Lakini hatukuwa peke yetu. Kila nyumba ya Mulenda ilikuwa na watoto wake waliokwenda mjini, na wote walirudi mwezi mmoja, na marafiki zao, na wakwe zao. Kijiji cha watu mia mbili kikawa cha watu mia nne. Mahindi yakaisha mwezi wa tano. Ukabaki muhogo, na si ule mtamu, ule tulikwisha kuula. Ukabaki mchungu, ambao mizizi yake ni minene na nguruwe pori hawaugusi.

Mnajua kazi ya muhogo mchungu, lakini mnaijua kama watu wa mjini wanavyojua, kwa kununua unga. Muhogo ule unauloweka kwenye bwawa la kijito. Kila nyumba ina kona yake, imezungushiwa miti. Unangoja siku tatu, na wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, maji yakiwa kama chuma, unangoja nne au tano. Hakuna anayehesabu kwa kalenda. Unatia kidole gumba, unabonyeza, muhogo ukivunjika kama ndizi iliyoiva umekuwa chakula, na ukikataa bado ni sumu. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka sita.

Lakini njaa ilipozidi, watu wakaanza kuibiana bwawani. Unaloweka leo, keshokutwa unakuta kona yako tupu. Wenyeji wakawasema watu wa mjini, watu wa mjini wakawasema wenyeji, vijana wakaanza kulinda maji kwa mapanga, na kaka yangu akaona damu inakuja. Akaniita mbele ya wazee. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista, mke wa mtu wa reli, naandika barua za kijiji kizima. Akaniuliza, wewe uliyeona vitabu, tufanye nini. Nami nikajibu. Nikasema, tusiuache muhogo majini siku nne ukiwangoja wezi. Tuuloweke siku mbili tu, wote siku moja na kuutoa siku moja, tuukate vipande vidogo, tuanike juani, jua litamaliza kazi ambayo maji hayakumaliza. Wazee walinipigia makofi. Wizi ukakoma. Mapanga yakarudi nyumbani. Wiki sita nilitembea Mulenda kama mtu aliyeleta amani. Akili nyingi huondoa maarifa, wanangu. Niliusema msemo huo tangu utoto na sikujua ulikuwa unanisubiri mimi.

Mtu mmoja tu alikataa. Béthanie alinifuata kisimani, akaniambia kwa upole kwamba kwao Ekwateri wanakula muhogo mchungu tangu mababu, na kwao wanangoja. "Mama Mwepu, muhogo haina saa," ndivyo alivyosema. Nikamcheka. Nikamwambia kwao ni kwao. Hakubishana. Alichukua chungu, akakificha nyuma ya nyumba chini ya majani, akawa analoweka wa kwake kidogokidogo, siku tano, siku sita, na watoto wake wakala huo.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Noémie, binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na moja, aliamka akataka kwenda kukojoa, akaanguka. Akasema, "Mama, miguu inakataa." Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu. Miguu tu ilikuwa imekazana kama kamba iliyolowa ikakauka. Alipojaribu tena alisimama kwa vidole, magoti yakigongana. Siku nne baadaye walikuwa watatu. Halafu saba. Halafu wewe, Laetitia. Ulikuwa unakimbiza kuku. Nilikuona ukianguka, nikadhani umejikwaa, nikakuambia amka mvivu wewe.

Amka mvivu wewe. Nimelala na maneno hayo miaka ishirini na sita.

Nilikubeba mgongoni hadi misheni, mwendo wa nusu siku na zaidi. Sista muuguzi, mwanamke mzee wa kabila letu, hakukutazama sana. Aliniuliza swali moja tu, muhogo mnaloweka siku ngapi. Nikamwambia mbili. Akavua miwani. Akaniambia miguu hiyo haitarudi, lakini wengine wanaweza kuokolewa, nenda leo hii ukawaambie waloweke kama zamani. Sikupumzika. Nilirudi nikikimbia nawe mgongoni, na neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari, kama mtu anayebeba kaa la moto kwenda kuwashia jirani.

Kesho yake nikakuta kijiji kizima kiwanjani, jua likiwa juu, na Béthanie katikati.

Walikuwa wamegundua chungu. Mtoto mmoja alikiona, akaita watu, na kila mtu akauliza jambo moja, mbona watoto wa huyu hawaanguki. Siwahukumu, wanangu. Mtu ambaye mtoto wake ametembea jana na leo anatambaa atashika kamba yoyote unayomrushia. Kaka yangu Mbuyu, mtu mpole, aliyekuwa ametoka kumwosha Noémie kama mtoto mchanga, ndiye aliyeongea. "Huyu mwanamuke ya soda, bibi ya askari, alitoka wapi? Nani anayua ukoo yake?" Wakakivunja chungu mbele yake, na vipande vya muhogo vikamwagika vumbini, vyeupe, vimelainika vizuri, vimeiva. Na mimi nilivitazama vipande vile nikajua, na nikajua kwamba mimi peke yangu najua.

Béthanie aliniona. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alisema mbele ya wote: "Mama Mwepu, weye unayua minyi siko mulozi, siko muchawi. Ubaambie."

Nikafungua mdomo. Nikawaona akina mama wa watoto tisa wakinigeukia. Nikawaza, nikisema ni muhogo, watauliza ni nani aliyesema siku mbili. Nikawaza, tutalala wapi. Nikamwaza Mwepu na wewe Laetitia na miguu yako, tukiwa barabarani. Mdomo ukafungika wenyewe. Hivyo tu. Hakuna shetani aliyenishika ulimi, nisije nikamsingizia.

Wakamfukuza na watoto wake wawili mchana uleule, bila kikombe cha unga. Watoto wa kijiji waliwafuata hadi njia panda wakiwatupia madongo. Mwepu, ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikuwa miongoni mwao. Sikulaumu. Ulitupa kwa mkono wako kile nilichokutupia mimi kwa kunyamaza.

Ngojeni. Nipumue.

Sijamaliza ubaya wangu. Jioni ile nilimwendea kaka yangu nikamwambia kwamba maji yamechafuliwa na uchawi, na dawa yake ni kuloweka muhogo siku nyingi hadi uvunjike, ili uchawi utoke. Wakatii. Na baada ya wiki chache hakuna aliyeanguka tena. Mnaona nilichofanya? Niliwaponya kwa uongo, na kupona kwao kukawa ushahidi. Hadi leo, Mulenda, ukimwuliza mtoto yeyote atakuambia kwamba mwaka wa vita alikuja mchawi kutoka mbali, na alipofukuzwa ugonjwa uliondoka naye. Noémie mwenyewe huwasimulia wajukuu wa ndugu zake, akiwa ameegemea fimbo zake mbili. Mficha maradhi, kifo humwumbua, na mimi hapa kimenikuta.

Laetitia. Umeambiwa tangu utoto kwamba miguu yako ilichukuliwa na mwanamke wa askari. Ni mimi. Ni shauri langu mbele ya wazee, na ni bukari niliyoisonga kwa mikono hii na kukulisha, nikikuhimiza umalize. Umekaa kwenye cherehani ukinitunza kwa kushona nguo za wanawake wanaotembea. Kama hutaki kunilia, usinilie. Kama unataka kutoka sasa, hakuna atakayekuzuia.

Hutoki? Basi mtazame mwenye samaki. Nimewaona tangu alipoingia, mnatazamana na kukwepana macho. Mwepu, Nahum, mnamjua mama huyu kwa samaki wake. Ni Exaucée. Exaucée binti ya Bokungu. Alilala mkeka mmoja na dada yenu miezi mitano.

Usisimame, mwanangu, nakuomba. Niache nimalize, kisha utafanya utakavyo.

Nimetafuta habari zao miaka mingi, polepole, kama mwizi anavyotafuta. Walifuata reli hadi Bukama. Francine alikufa njiani, kabla ya kuuona mto Lualaba. Watu wa mitumbwi waliwachukua, watu ambao hawakuwajua kabisa, wakawapeleka Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, na huko Béthanie alianika samaki miaka miwili, kisha homa ikamchukua. Walimzika kama mtu wao. Kwa hiyo msiniambie kwamba kijiji ni kibaya au kizuri. Kijiji kimoja kilimtupa na kingine kikampokea, na tofauti yake, kadiri ninavyoweza kuiona, ni kwamba kule Kisale hakukuwa na mtu kama mimi mwenye neno la kuficha.

Exaucée, ulirudi kambini kumtafuta baba yako, hukumpata, ukabaki. Siku ya kwanza nilipokukuta langoni sikukujua. Nilichagua samaki wanne, ukanifungia, ukaongeza wa tano, ukasema: "Hii njo ya Laetitia." Sikuwa nimekuambia kwamba nina binti. Ndipo nikakujua. Tangu siku ile nilimtuma Nahum, na kila mara Nahum alirudi na samaki mmoja zaidi, akidhani wewe hujui kuhesabu. Wanangu, mmekula samaki wa mtoto wa Béthanie miaka sita.

Sasa wosia wenyewe, maana ninahisi baridi inapanda kutoka miguuni.

Nyumba hii ni ya ninyi watatu, na isiuzwe maadamu Laetitia yu hai. Cherehani ni yake, na jiko, na kitanda hiki mkishanitoa. Nyundo ya baba yenu ni ya Nahum, kwa sababu alizaliwa baada ya yote haya na anapaswa kuwa na kitu cha kugongea, asikie penye ufa. Baiskeli ni ya Mwepu. Marie-Thérèse mpelekeeni kinu kile chenye ufa, mwambieni mimi Ndaya namshukuru kwa chungu cha avenyu, na kwamba nilikuwa na wivu. Atacheka. Mwacheni acheke.

Shamba la Mulenda nilipewa na baba yangu mbele ya chifu, kuanzia mti wa msalaba hadi kijitoni. Upande wa juu ni wenu watatu. Upande wa chini, pamoja na bwawa la kulowekea, ni wa Exaucée Bokungu na watoto wake, kama atakubali kupokea kitu kutoka kwangu. Akikataa, usilimwe. Ubaki majani, na watu wakiuliza mseme ni wa nani.

Na kabla hamjapeleka mzigo wowote, Mwepu, fungua kamba zile. Utakwenda Mulenda peke yako, mikono mitupu. Utaanza kwa Noémie. Usisimame mbele yake, keti chini, na umwambie yote niliyosema, bila kuyapamba. Kisha umwambie Mwila kaka yake, mwenye ardhi sasa. Kisha Jumapili, baada ya ibada, uwaambie wote. Usiombe nafasi. Usiombe kusamehewa. Usiseme habari za vita vinavyokuja hadi wakuulize.

Najua unachowaza, mwanangu, kwamba mama anatufungia mlango wa mwisho ulio wazi. Huenda ni kweli. Huenda Mwila atawafukuza, na akiwafukuza msimshtaki wala msimnung'unikie. Mtarudi hapa, mtazima moto wenu, mtamwendea Marie-Thérèse na mwiko. Lakini fikirini nilivyofikiri mimi usiku na mchana. Njaa inakuja tena, muhogo mchungu utaliwa tena, na safari hii jambo jingine litaanguka juu ya Mulenda ambalo hakuna atakayelielewa. Nao wanajua dawa. Niliwafundisha mimi. Dawa ni kutafuta mgeni. Na ninyi, wanangu, mnasema Kifaransa na mmeshika simu, hamjui kona yenu ya bwawa iko wapi, miguu yenu imezoea viatu. Mtakapofika pale na magodoro yenu, mgeni ni nani? Niliwaachia kijiji kile kikiwa na mtego, na kamba yake inashikwa na hadithi ile. Ikateni kwanza. Ndipo muulize mahali pa kulala.

Wazee walisema aliye mjini huuawa na asiyemjua na aliye shambani huuawa na anayemjua. Baba yenu hakupenda msemo huo. Alisema avenyu haikumjua na haikumwua.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Nizikeni hapa, si Mulenda. Msiniwekee jina hadi Mwepu arudi. Kama... kama Noémie atataka kuja kuliona kaburi, mkodieni pikipiki, asitembee.

Baba yangu alitubariki kwa kututemea mate kifuani. Mimi mdomo umekauka, sina mate. Pokeeni maneno. Mwepu, Mungu akupe ulimi nilioukosa mimi. Nahum, akupe subira. Laetitia... Laetitia, akupe mtoto anayekimbia. Na wewe, binti ya Béthanie, mimi si mtu wa kukubariki. Mama yako alikubariki kwa chungu chake, imetosha.

Ndoo. Niliiloweka Jumatatu, kwa sababu ninyi watatu hamjawahi kungoja kitu hadi mwisho, nikataka mngoje kimoja pamoja nami. Leo ni Ijumaa. Exaucée, sogea... Laetitia, mshike mkono, muelekeze, mimi sioni vizuri. Tia kidole gumba, mwanangu. Wewe, si wao. Wewe ndiye uliyefundishwa.

Bonyeza.

Unasemaje?

Sema kwa nguvu, wasikie.

Bado. Maji ni baridi, mwezi wa saba... Haya. Irudisheni pembeni, msiifunike. Msiupike kwa ajili ya matanga yangu. Watu watakuja, watalia, watasema wana njaa. Mwambieni kila mmoja mama amesema...

Ngojeni.